Mama wa Chini ya Mwarobaini Hayumo Kwenye Ikama

Kwa miaka miwili dada yangu alishinda chini ya mwarobaini katika uwanja wa shule moja ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam, tangu kengele ya asubuhi hadi saa sita mchana. Mwanawe, ambaye ana usonji, alipokewa katika kitengo maalum cha shule hiyo, na siku ya kwanza mwalimu alimwambia kwa upole: "Mama, peke yangu sitamweza pamoja na hawa wengine. Kama unaweza kukaa karibu, tutampokea." Dada akafunga genge lake la mboga. Kumpeleka mtoto chooni, kumnywesha uji na kumkimbilia anapochomoka kuelekea barabarani kukawa ndiyo kazi yake, bila mshahara, pamoja na akina mama wengine watano au sita, kutegemea nani amepata nauli siku hiyo.

Simlaumu yule mwalimu. Alikuwa na watoto 22 wenye usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili katika chumba kimoja, ilhali mwenzake aliyesomea elimu maalum alikuwa amehamishiwa hisabati ya darasa la tano, shule ile ile, kwa kuwa huko nako walimu hawatoshi. Hata mwalimu mkuu aliyefanya uhamisho huo alikuwa na hesabu yake. Uwiano tunaotajiwa kila tunapozungumzia upungufu ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na kwa kipimo hicho chumba chenye watoto 22 na walimu wawili kinaonekana kimependelewa, hasa kikilinganishwa na darasa la jirani ambalo watoto wanakaa hadi sakafuni. Kosa limo katika kipimo chenyewe, kwa sababu ikama, yaani hesabu ya watumishi ambao shule inastahili kuwa nao, inahesabu vichwa wakati kitengo maalum kinahitaji ihesabiwe mikono: nani atamshika mtoto anayeanguka kifafa, na nani atabaki na wale wengine.

Fedha nazo zinafuata vichwa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 kupelekwa shuleni. Ukizigawa 10,000 kwa siku 194 za masomo unapata kama shilingi 51 kwa siku, kiasi ambacho hakinunui andazi. Ni kidogo kwa mtoto yeyote, lakini kwa asiyeona, ambaye karatasi yake ya nukta nundu ni nzito na ya pekee na mashine yake ya kuandikia huagizwa kutoka nje, ni kama hakuna. Ningekuwa mchoyo nisipokiri kwamba Serikali hununua vifaa saidizi na kulipia chakula cha wanafunzi wenye mahitaji maalum walioko bweni. Hata hivyo vifaa huja kwa awamu, na mashine ikifika mahali pasipo na mwalimu aijuaye huishia kabatini. (Ya viti mwendo vinavyokabidhiwa mbele ya kamera niyaache kwa leo.)

Maandishi hatukosi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mikakati ya elimu jumuishi imefuatana. Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalum. Lakini sera inaandikwa Wizara ya Elimu na shule zinasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri, kwa hiyo mzazi anayeuliza kwa nini mwalimu wa elimu maalum anafundisha hisabati huzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka achoke.

Jibu la kwamba fedha hazipo silikubali kirahisi, kwa sababu tumeshaonyesha kuwa fedha zinaweza kutengwa kisheria zisiguswe kwa jambo jingine. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtu mzima mwenye ulemavu anayetaka mtaji ana fungu lake. Kwa nini mtoto wa kitengo maalum asiwe na la kwake, lisilogusika, la kulipa msaidizi wa darasa? Halmashauri za Dar es Salaam, ambazo mapato yake wengi mikoani wanayaonea wivu, zingeweza kuanza. Msaidizi huyo hahitaji shahada. Mafunzo mafupi, mkataba na mshahara wa kila mwezi vingetosha, na wa kuanzia wako tayari chini ya mwarobaini, wanaijua kazi kuliko mtu yeyote.

Mwaka huu dada yangu amefungua tena genge. Msaidizi hajapatikana, ila nauli ya watu wawili kwa daladala mbili, kwenda na kurudi, ilimshinda. Mpwa wangu anashinda naye hapo gengeni, amefungwa kanga kiunoni ili asikimbilie barabarani, na kwenye daftari la mahudhurio la shule ameandikwa mtoro.