TORCH ya kichanga na damu ya mama isiyoletwa

Karatasi ya majibu ya TORCH, yaani kipimo cha pamoja cha maambukizi ambayo mama huweza kumpa mtoto tumboni, imeandikwa hivi: mtoto wa siku 3, Toxo IgG (kingamwili inayodumu) chanya, IgM (kingamwili ya maambukizi mapya) hasi. Wazazi walioko Dar es Salaam au Mombasa wanaipiga picha na kuwarushia ndugu wa Ulaya, wakiuliza kama mtoto atapofuka. Ukweli ni kwamba karatasi hiyo haijasema lolote kuhusu mtoto. Imesema tu kwamba mama yake aliwahi kukutana na kimelea cha Toxoplasma gondii, labda tangu akiwa msichana wa shule. IgG ya mama huvuka kondo la nyuma na kukaa kwenye damu ya mtoto kwa miezi kadhaa. Na kwetu wenye kingamwili hizo ni wengi: utafiti wa wajawazito wa Dar es Salaam uliochapishwa 1995 ulikuta asilimia 35, ule wa Mwanza wa 2013 ukakuta karibu 31. Maana yake, ukipima vichanga 100 katika wodi yoyote ya wazazi, 30 hivi watatoka "chanya", na pengine hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Sisi tunaofanya kazi za maabara huku Ufaransa tunaulizwa sana kwa nini nyumbani hakuna kipimo kizuri cha toksoplasmosi, ugonjwa wa kimelea hicho, ya kuzaliwa nayo. Wengi wanaamini tofauti ni mashine. Mimi sikubaliani nao. ELISA, kipimo cha kingamwili, ya Paris na ELISA ya Dodoma hufanya kazi kwa kanuni ileile. Huku wanachotuzidi ni vitu vitatu vya kawaida kabisa: damu ya mama huja pamoja na ya mtoto, seramu (maji ya damu yanayobaki seli zikitengwa) huhifadhiwa kwenye friza, na mtoto hurudi kupimwa tena.

Ufaransa imefika hapo kwa safari ndefu. Mwaka 1978 waliweka kipimo hiki kwa wanaotaka kufunga ndoa, 1985 wakakiingiza mwanzoni mwa ujauzito, na 1992 wakaagiza kila mjamzito asiye na kinga apimwe kila mwezi mpaka ajifungue. Ndiyo maana mtaalamu wa huku anaweza kusema maambukizi yalitokea mwezi fulani wa mimba, na mwezi huo una uzito mkubwa. Mama akiambukizwa miezi mitatu ya mwanzo, uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto ni mdogo, asilimia 10 hadi 15 hivi, ila kikimfikia humwumiza vibaya. Akiambukizwa miezi mitatu ya mwisho, zaidi ya nusu ya watoto huambukizwa, na wengi wao huzaliwa wakionekana wazima. Makovu ya retina hujitokeza baadaye.

Sisemi tuige mpango huo. Kupima kila mwezi kunafaa pale ambapo wanawake wasio na kinga wanafahamika na kliniki haikosi vitendanishi. Kwetu kliniki ya wajawazito bado inahangaika kuhakikisha kaswende, VVU, malaria na wingi wa damu vinapimwa bila kukosa wiki hata moja. Anayedai toksoplasmosi iwekwe juu ya hayo hajasimama dirishani siku vitendanishi vya kaswende vimekwisha.

Tunachoweza kuiga kesho asubuhi ni namna wanavyompima mtoto mwenye dalili: kichwa kikubwa au kidogo kuliko kawaida, degedege, manjano na ini kubwa, jicho lenye ukungu, au altrasaundi ya utosini inayoonyesha madoa ya chokaa kwenye ubongo.

Kwanza, damu hutoka kwenye mshipa wa mtoto mwenyewe, mililita 1 hadi 2, kwenye tyubu kavu ya kifuniko chekundu. Damu ya kitovu ni rahisi kuipata lakini husumbua, kwa sababu tone dogo la damu ya mama likichanganyika humo huleta IgM ya uongo. Ikibidi kuitumia na ikatoka chanya, rudia kwa damu ya mtoto: IgM baada ya siku 5, IgA (aina nyingine ya kingamwili) baada ya siku 10, kwa kuwa kingamwili za mama zilizopenya hupungua haraka kwa mtoto. Siku hiyohiyo mama naye atoe mililita 5. Tyubu mbili ziandikwe kwa namna inayoonyesha ni jozi, ziingie kwenye sentrifyuji pamoja, seramu igawanywe kwenye vichupa viwili: kimoja cha kupima leo, kingine cha friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa hicho cha pili ndicho watu hukidharau, na ndicho kitakachookoa kesi mwezi ujao.

Kisha hupimwa IgG, IgM na IgA za wote wawili, kwa kiti ileile (seti ya vipimo ya kiwanda kimoja) na katika mzunguko uleule wa mashine. IgM na IgA za mama hazivuki kondo la nyuma, hivyo zikikutwa kwa mtoto ni zake. Zikikosekana hazimfuti mtoto kwenye orodha. Karibu robo ya walioambukizwa huzaliwa bila IgM wala IgA inayoonekana, hasa wale ambao mama zao waliambukizwa mapema na IgM ikawa imeshapotea kabla ya kuzaliwa. Njia inayonasa IgM kwanza kisha kuitafutia kimelea ni bora kwa kichanga kuliko ELISA ya kawaida, ambako IgG nyingi ya mama huziba nafasi, na kingamwili iitwayo rheumatoid factor huleta chanya ya uongo.

Panapobaki shaka, maabara za huku huweka seramu ya mama na ya mtoto ubavu kwa ubavu katika kipimo cha mistari kiitwacho Westani Bloti. Mstari ulioko kwa mtoto na haupo kwa mama, hata uwe mwembamba, ni kingamwili ambayo mtoto ameitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo kosa la kutomleta mama linapoonekana waziwazi: mkanda wa mtoto peke yake hausomeki.

PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya kimelea chenyewe, nayo ina masharti yake. Kwa mjamzito, maji ya mfuko wa uzazi huchukuliwa kuanzia wiki ya 18 ya mimba, na angalau wiki 4 tangu mama aambukizwe. Ukiwahi, utapata hasi isiyo na maana. Kwa mtoto hupimwa damu, mkojo, na maji ya uti wa mgongo iwapo yamechukuliwa. Damu ya PCR iwe kwenye tyubu ya EDTA ya kifuniko cha zambarau, maana heparini, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye tyubu nyingine, huzuia mmenyuko wa PCR. Kondo la nyuma lifike likiwa bichi, kwenye baridi ya jokofu bila kugandishwa. Mkunga akilitumbukiza kwenye fomalini kwa mazoea ya patholojia, sampuli imekwisha. Na PCR hasi hairuhusu mtu kusema mtoto ni mzima.

Baada ya hapo kinachobaki ni kalenda, na hapa ndipo nyumbani tunapoangukia. IgG aliyopewa mtoto na mama hupungua kwa takriban nusu kila mwezi. Aliyezaliwa na uniti 160 kwa mililita anatarajiwa kuwa na 80 hivi mwezi wa kwanza, 40 wa pili, 20 wa tatu, mpaka ipotee kabla hajafikisha mwaka. Ikigoma kushuka, au ikishuka kisha ikapanda, mtoto anatengeneza yake. Ikibaki chanya akiwa na miezi 12, maambukizi yamethibitika. Ikiwa hasi, naye hajatumia dawa, ubishi umekwisha. Tahadhari ni moja: uniti za kiti hii si uniti za kiti ile. Seramu moja inaweza kutoka 90 kwa mashine hii na 250 kwa nyingine, na mzazi aliyehama maabara atadhani ugonjwa umepanda. Ndiyo maana kila mtoto anaporudi, kichupa cha zamani hutolewa friza na kupimwa tena pamoja na kipya. Mtoto aliyeongezwa damu, naye hesabu yake huvurugika, basi fomu ya maabara iseme.

Ukiweka yote haya mbele yako, kaseti ya TORCH, kipimo cha haraka cha dakika 15 kinachojibu chanya au hasi tu, inayouzwa kwa kichanga peke yake inabaki biashara tu. Haitoi namba, kwa hiyo mteremko wa IgG hauonekani. Mama hayumo. Na majibu yake huzaa hasara ya pembeni: paka wa watu, wanaojulikana kueneza kimelea hiki, hutupwa jalalani, ilhali tafiti za Ulaya zimeonyesha nyama isiyoiva vizuri ndiyo njia kubwa zaidi ya maambukizi kwa wajawazito wa huko. Kwa pesa ya kaseti mbili tatu, afadhali mzazi alipie IgG ya namba kwa mama na mtoto, kisha arudie baada ya mwezi.

Kuna wenzetu wanaopendekeza tufuate Massachusetts, ambako tangu 1986 kila kichanga hupimwa IgM kwenye tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Hoja yao ina nguvu. Katika watoto 635,000 wa miaka ya mwanzo walipatikana 52 wenye maambukizi, na 50 kati yao hakuna daktari aliyekuwa amewashuku. Walipochunguzwa vizuri, 19 kati ya 48 walikuwa na hitilafu kwenye ubongo au retina. Na sisi karatasi tayari tunazo: ni kadi zilezile za DBS (tone la damu kavu) zinazobeba damu ya kisigino ya watoto wa mama wenye VVU. Ila kadi hizo huchukua watoto wachache, wengi wakiwa na wiki 4 hadi 6, na kumtambua mtoto kabla ya kuwa na dawa ya kumpa mwaka mzima ni kumtesa mzazi.

Dawa zenyewe ni pirimethamini miligramu 1 kwa kilo kwa siku katika miezi 2 hadi 6 ya mwanzo kisha kipimo hichohicho mara tatu kwa wiki, salfadiazini miligramu 100 kwa kilo kwa siku ikigawanywa mara mbili, na asidi ya foliniki miligramu 10 mara tatu kwa wiki, kwa miezi 12. Kwa kichanga mfamasia lazima azisage na kuzitengeneza kuwa maji, na picha kamili ya damu ifanywe kila wiki mwanzoni, kwani pirimethamini huangusha seli nyeupe. Foliniki si foliki: vidonge vya FEFO (madini ya chuma na asidi ya foliki) vya kliniki si mbadala wake. Wala SP anayomeza mjamzito kuzuia malaria, ingawa ina pirimethamini ndani, si tiba ya toksoplasmosi.

Mtoto aliye kwenye dawa anaweza kuonyesha IgG inayozama mpaka hasi, kisha ikapanda tena miezi 2 au 3 baada ya dawa kusimamishwa. Faili lake lisifungwe siku chupa ya mwisho inapokwisha. Achukuliwe damu nyingine miezi 3 baadaye, na kliniki ya macho iendelee kumwita hata akiwa shuleni.