Dawa ya maumivu inayosubiri mwanga

Wanaozibeza dawa za maumivu zinazoamshwa kwa mwanga huuliza: utaumulikaje mgongo kwa ndani? Wana haki. Mwanga wa urujuani wa nanomita 405, uliotumika Barcelona kuamsha dawa ya majaribio iitwayo JF-NP-26 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, hauzami mbali mwilini. Kwenye unyayo wa panya ulitosha kumulikwa kwa nje. Kwa thalamasi, ndani ya ubongo, ilibidi kupitisha faiba, uzi mwembamba unaopeleka mwanga. Mgonjwa gani atakubali hilo kwa ajili ya kiuno?

Lakini kwanza, kwa nini watu walihangaika kuifunga dawa hii isifanye kazi hadi imulikwe? Ndani ya JF-NP-26 mna rasegluranti, ambayo ilishajaribiwa kwa watu wenye kipandauso na ikaonyesha kuwasaidia. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Addex ikaiacha: kwa waliokuwa wakiimeza kila siku kujikinga na kipandauso, vimeng'enya vya ini vilikuwa vinapanda, ishara kwamba huenda ini linaumia. Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Dawa haikushindwa kazi. Kilichoiponza ni kwamba kidonge hakichagui pa kwenda, kinafika kwenye neva na kwenye ini vilevile. Watafiti wakaifunga kwa kipande cha kemikali kinachokatika kikipigwa mwanga, ili iamke pale panapomulikwa tu. Panya hawatoshi kutuhakikishia kwamba ini la binadamu litasalimika, hilo nakubali. Ila kuitupa dawa inayofanya kazi nako kuna gharama, na gharama hiyo huibeba mwenye maumivu.

Kasoro ninayoiona nzito zaidi ni nyingine: kifungo kikishakatika hakirudi. QAQ, kemikali nyingine ya mwanga iliyotangazwa 2012 na kundi la wanasayansi Richard Kramer na Dirk Trauner, inaikwepa kasoro hiyo. Ni jamaa wa lidokeini, ile ganzi ya kung'olea jino. Mwanga wa nanomita 380 unaiondoa ganzi, wa kijani wa nanomita 500 unairudisha. Aliyewahi kutoka kwa daktari wa meno mdomo umekufa ganzi, akajing'ata bila kujua, anaelewa faida yake.

Na tiba ya mwanga kupitia ngozi si ngeni. Vichanga wenye manjano hulazwa chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa, bilirubini, ile rangi inayowafanya wa manjano, ikabadilika umbo na kutoka mwilini. Kwa hiyo ningeanzia kwenye ngozi na fizi. Uti wa mgongo usubiri kemikali zinazoitikia mwanga mwekundu, unaopenya zaidi. Suala la jua, ambalo nalo ni mwanga, litabaki: anayetibiwa saratani kwa Photofrin, dawa inayoamshwa kwa mwanga, huambiwa alikwepe kwa siku 30 au zaidi, na mwenye maumivu ya kudumu hawezi kuishi hivyo.