Bwawa la Mgodi Lichorwe Pamoja na Bonde Lililo Chini Yake

Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope (mchanganyiko wa maji na mawe yaliyosagwa unaobaki baada ya madini kutolewa) katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi nje ya uzio wa mgodi. Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 11 Septemba, bwawa la mabaki ya almasi la Jagersfontein nchini Afrika Kusini lilikuwa limepasuka na kuua watu. Katika matukio yote mawili picha za setilaiti zilionyesha wazi njia ambayo tope lilipita, ila zilionyesha hivyo baada ya tope kupita. Ninaamini kwamba ramani ya njia hiyo ingeweza kuchorwa mapema, na kwamba wanaoishi chini ya bwawa lolote la mgodi wana haki ya kuiona kabla ya kujenga, kulima au kuchimba kisima.

Vifaa vya kazi hiyo vipo na havilipiwi. Kumbukumbu za picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zilizoanza mwaka 1972, zimekuwa huru kwa kila mtu tangu mwaka 2008, na setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha zenye ubora wa mita 10 kila baada ya siku chache. Mtu aliyejifunza kuzitumia anaweza kufuatilia jambo moja ambalo wahandisi wa mabwawa hulipa uzito mkubwa: umbali uliopo kati ya maji yaliyotuama juu ya tope na ukuta wa bwawa. Mabwawa mengi huinuliwa hatua kwa hatua, na katika yale ambayo kila tuta jipya hujengwa juu ya tope la zamani, usalama hutegemea sana kuwa na ufuo mpana wa tope lililokauka unaoyaweka maji mbali na ukuta. Maji yakisogea karibu, tope lililobeba tuta hulowa na kupoteza nguvu. Ufuo huo huonekana kutoka angani, na upana wake unaweza kupimwa mwezi baada ya mwezi na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti.

Wakati wa masika mawingu huziba picha hizo, na huo ndio wakati ambao mabwawa hulemewa zaidi. Hapo husaidia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu na ambayo, vipimo vyake vya siku tofauti vikilinganishwa, huweza kuonyesha mwendo wa ardhi wa milimita chache. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichapisha uchambuzi wa bwawa la mgodi wa chuma la Brumadinho nchini Brazili, lililobomoka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, wakaonyesha kuwa sehemu za bwawa zilikuwa zikisogea kabla ya siku ile. Wataalamu wengine hawakubali kwamba mwendo huo ungetosha kutabiri maafa, na nadhani ni vyema kuliheshimu shaka hilo: setilaiti haichukui nafasi ya mkaguzi anayetembea juu ya ukuta.

Hata hivyo, hoja yangu kuu inahusu kilichopo chini ya ukuta. Pale Brumadinho bwalo la chakula na ofisi za mgodi vilikuwa kwenye mkondo wa tope, mahali ambapo mtu yeyote aliyeitazama ramani ya miinuko angepatilia mashaka. Baada ya maafa hayo Bodi ya Pensheni ya Kanisa la Uingereza na mifuko ya pensheni ya Sweden, zikiwa wawekezaji, zilidai maelezo kutoka kwa mamia ya kampuni za madini, na Januari 2020 ikafunguliwa kanzidata ya mtandaoni, iliyo wazi kwa umma, yenye ramani na taarifa za mabwawa zaidi ya 1,700 duniani. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini nukta kwenye ramani haimwambii mkulima kama shamba lake limo hatarini. Bwawa la mgodi wa shaba lilipopasuka karibu na Kitwe, Zambia, Februari 2025, maji yenye asidi yaliingia katika mto Kafue, samaki wakafa umbali mrefu kutoka mgodini, na mji ukakatiwa maji. Ramani inayoishia kwenye uzio wa mgodi ingewaacha watu wote hao nje.

Hapa Tanzania Tume ya Madini huonyesha mtandaoni mipaka ya leseni. Ningependa ramani hiyo iongezewe kila bwawa, kimo cha ukuta, tarehe ulipoinuliwa mara ya mwisho, na eneo litakalofunikwa ukivunjika, tena kwa data zinazoweza kupakuliwa na kuhakikiwa, si picha iliyobandikwa ndani ya ripoti. Uhakiki ni lazima, kwa sababu ramani ya miinuko inayotumiwa sana ilipimwa kutoka angani Februari 2000, na kila tuta lililojengwa baada ya hapo halimo. Katika nchi tambarare kama Kishapu, kosa la mita mbili huweza kuupeleka mkondo kijiji kingine kabisa. Mwenye kuusahihisha ni mkazi anayejua maji ya mvua hupita wapi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulithibitisha kwamba wanafunzi na wakazi wanaweza kuchora mifereji na maeneo ya mafuriko kwa kiwango kinachotumika.

Wapo wanaohofia kwamba ramani kama hiyo itazua taharuki, itashusha thamani ya ardhi, au itakuwa kisingizio cha kuwahamisha watu bila fidia. Hofu ya mwisho naichukulia kwa uzito mkubwa. Lakini picha zenye tarehe humlinda pia mwananchi, kwa kuwa zinaonyesha shamba lake na makazi yake vilikuwapo kabla ya bwawa, au kabla ya ukuta kuinuliwa, na fidia ikibishaniwa ushahidi huo hauko mikononi mwa mgodi peke yake. Ndiyo maana nakala ya ramani inapaswa kukaa pia katika ofisi ya serikali ya kijiji, na ibadilishwe kila ukuta unapoongezwa kimo.