Kabla ya bunduki kulikuwa na sheria

Jumamosi iliyopita, tukiwa tumeshakula, shemeji yangu alianza kusimulia habari za Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani walioko Oklahoma, waliouawa miaka ya 1920 kwa ajili ya pesa za mafuta. Ameona filamu. "Pesa za mafuta ziliwalevya wale, shemeji. Wakashindwa kuzishika, akaja mtu mmoja katili akawamaliza." Mezani wote wakaitikia. Nikanyamaza kwa kuwaheshimu wenye nyumba, lakini usiku ule usingizi haukuja, na nilichopaswa kukisema pale nakiandika hapa.

William Hale, mfugaji mzungu ambaye ndiye huyo katili wa shemeji, alikuwa muuaji, hilo halina ubishi. Ila ukiacha filamu ukashika sheria zenyewe na majalada ya serikali ya Marekani, utaona kwamba mlango aliopitia ulichongwa Washington.

Twende 1906. Bunge la Marekani linapitisha sheria ya kuwagawia Waosage ardhi yao. Chifu James Bigheart na wenzake walipigania jambo moja wakalipata: ardhi ya juu igawanywe, lakini kilichomo chini, mafuta na gesi, kibaki cha kabila zima. Watu 2,229 wakaandikwa kwenye orodha, kila mmoja akapewa fungu moja la mapato. Nakubali kwamba kipengele hicho ndicho kilichowaokoa na umaskini ulioyakumba makabila mengine. Lakini orodha ilifungwa. Mtoto aliyezaliwa baadaye hakuwa na fungu lake; alisubiri kurithi. Na asiye Mosage naye aliweza kurithi, akioa tu.

Hebu fikiri maana yake. Mali iko, inaongezeka kila mwaka, na njia kuu ya kuipata ni mwenye nayo afe. Mwaka 1923 peke yake kabila lilipokea zaidi ya dola milioni 30. Hapo mauaji hayahitaji shetani kutoka nje. Yanahitaji mume mwenye subira. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Mollie Burkhart aliyaishi maneno hayo: dada zake waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Ernest, mume aliyelala naye kitanda kimoja, alikuwa ndani ya njama ya mjomba wake Hale.

Sasa hilo la "walishindwa kuzishika pesa". Nani aliwaruhusu kuzishika? Sheria ya 1912 iliwapa mahakimu wa kaunti mamlaka juu ya mali ya Waosage waliotajwa kuwa hawana uwezo wa kujisimamia. Machi 1921 Bunge likaongeza: mtu mzima asiye na cheti cha uwezo apewe dola 1,000 tu kila miezi mitatu, hata kama fungu lake limeingiza mara kadhaa ya hizo. Kipimo cha uwezo kikawa damu. Mwenye damu ya Kiosage chini ya nusu aliachiwa mali yake. Mwenye damu kamili, hata awe mama aliyelea watoto na kuendesha nyumba miaka yote, kwa kawaida aliwekewa mlezi, yaani msimamizi wa pesa zake. Mlezi alikuwa wakili wa mjini, mwenye duka, mwenye benki, mzungu karibu kila mara. Mtu mzima akaomba ruhusa ya kununua dawa ya mwanawe kwa pesa yake mwenyewe! Mei ya mwaka huohuo mwili wa Anna Brown, dada yake Mollie, ukaokotwa bondeni.

Kinachoniuma zaidi ni kijitabu kilichohifadhiwa Fort Worth, Texas, kwenye tawi la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Ofisi ya mambo ya Wahindi Wekundu iliorodhesha walezi, na chini ya kila mlezi majina ya watu waliokuwa mikononi mwake. Pembeni ya baadhi ya majina karani ameandika neno moja: amekufa. Yupo mlezi aliyekuwa na watu watano, na wote watano wana neno hilo. Hakuna sababu iliyoandikwa, hakuna swali. Karani aliona, akajaza, akafunga kijitabu. Kesi ya Hale ilihusu vifo vichache. Kijitabu hiki kinasema walikuwepo akina Hale wengi, na wengi wao walizeeka wakiheshimiwa.

Februari 1925 Bunge likarekebisha: asiye na damu ya kienyeji asirithi kutoka kwa Mosage mwenye damu nusu au zaidi, na aliyetiwa hatiani kwa kumuua Mosage asirithi mali yake. Ilikuwa sheria nzuri, siwezi kuikataa. Lakini aliyeandika kifungu hicho alijua wazi kilichokuwa kikitendeka, na Anna alikuwa kaburini karibu miaka minne.

Mwaka 2011 serikali ilikubali kuwalipa Waosage dola milioni 380 kwa kusimamia vibaya mali yao ya amana, yaani mali iliyoishika kwa niaba yao. Bila makaratasi madai ya namna hiyo yangesimama juu ya nini? Ndiyo maana sivumilii mtu akiita nyaraka vumbi la zamani. Na ndiyo maana naona ni makosa Mosage wa Pawhuska, mji mkuu wao kule Oklahoma, anayetaka kujua bibi yake alikufaje kulazimika kufunga safari hadi jimbo jingine, akakae kwenye meza ya serikali ileile iliyomwekea bibi huyo mlezi. Nakala ya kila ukurasa ingekuwa kwao, bila gharama, bila kuomba.

Kule Pawhuska wana jumba lao la makumbusho tangu 1938. Wamekuwa wakitafuta picha ya kila mmoja wa wale 2,229, familia kwa familia. Shemeji, ukitaka kuwafahamu watu hawa, anzia kwenye picha zile.