Buti la kushoto

Najua ile video yangu nimenasa kwenye tope la mikoko mmeshaiona. Huyo rafiki yangu (namwita rafiki kwa heshima ya mama yake tu) kakata mwanzo, kakata mwisho, kawaachieni tope na makelele. Na hiyo sauti inayolia "Yallah, mama'angu!" ni yangu, sikatai, lakini nilisema mara moja. Yeye ndiye aliyeirudia mara nne.

Basi ilikuwa hivi. Mwaka wa pili, maliasili na uhifadhi, tumekwenda kupima mikoko Ghuba ya Chwaka, Unguja. Ploti za mita 10 kwa 10, hesabu miti, pima vipenyo. Mkoko wenyewe, ule uliosimama juu ya mizizi yake, haupimwi usawa wa kifua kama mti wa bara. Unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Haya nilikuwa nayo kichwani kama jina langu. Na miguuni nilikuwa na mabuti mapya ya mvua, nimeyanunua Darajani, yananifika magotini. Nilijiona waziri.

Tunaingia tu, tukamkuta bibi mmoja ana kapu la kombe, miguu mitupu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Vua hayo, upite mzizi kwa mzizi. Na leo bamvua, maji makubwa, msikawie."

Jamani, si ningesema ahsante! Mie nikakohoa, mbele ya kundi zima: "Bibi, hiyo mizizi ndiyo pua ya mti. Tope halina hewa, mti unapumulia huku juu. Kuikanyaga ni kama kumkanyaga mtu pua."

Akaniangalia toka buti mpaka kofia. "Pua?"

"Pua, bibi."

"Haya." Akenda zake, anaruka mzizi kwa mzizi kama ndege chozi.

Kufika saa tano na nusu tuko ploti namba 3. Nikaona mkoko mmoja umejitenga, mnene, nikauendea moja kwa moja. Mguu wa kushoto ukaingia, chubwi, mpaka goti. Nikaweka wa kulia niuvute wa kushoto. Chubwi. Sasa wote wawili wako sawa, hawadaiani.

Nikivuta, tope linavuta. Harufu ya mayai viza inapanda. Na sababu ya yote mawili naijua, ndicho kinachoniuma! Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata zote. Udongo hauna hewa, ndiyo maana unanuka; buti limeganda, hakuna kinachoingia chini yake ili liachie. Nilikuwa nimesimama ndani ya jibu langu mwenyewe.

Kaa mmoja akatoka shimoni, akaniangalia, akarudi. Kisha maji. Nyie mnadhani maji yanakuja na wimbi? Hayaji hivyo. Yalipita chini ya mizizi kimya kimya, yakanizunguka, yakapanda, halafu yakaingia ndani ya buti taratibu, kama mgeni aliyepiga hodi kwanza. Baridi mpaka kisogoni. Wenzangu wako ng'ambo na futi kamba, na mmoja (mnamjua) kanyanyua simu, anauliza: "Mti namba ngapi huo? Tuuandike kipenyo?"

Hapo ndipo nilipomwita mama'angu.

Aliyekuja ni bibi. Kasimama juu ya mizizi hatua tatu tu kutoka nilipo, kapu kichwani, hana haraka hata kidogo.

"Nije, mjukuu wangu? Au nitakanyaga pua?"

"Kanyaga, bibi."

"Ya mti?"

"Zote, bibi. Hata yangu."

Kundi zima likaanguka kicheko. Bibi akanishika kwapani, akanambia nilale kifudifudi nisikazane, akaning'oa kama muhogo. Mguu wa kulia ulitoka na buti lake. Wa kushoto ulitoka mtupu, na suruali nayo ikaamua kubaki na buti.

Yaliyobaki hayana maana. Nilirudi na kanga ya bibi kiunoni, gari zima likinisomea jina la hiyo kanga kwa sauti, na mwalimu hakucheka ila bega lilikuwa linamtikisika. Kanga nimeifua, nimeirudisha na kilo mbili za sukari. Bibi akaniuliza kama mkarafuu nao una pua.

Kundi linalokwenda wiki ijayo: ploti namba 3 kuna kitu cheusi kimechomoza. Si mzizi wa kupumulia. Msikihesabu.