Bibi na Jini la Pampu

Saa nane za usiku rilei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima pampu, ilikuwa ikilia tatatata juu ya paa, na bibi wa chini keshachoma udi nyumba nzima.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kisima uani na tanki la lita 1,000 paani. Pampu ni ya wati 370. Nikajitia ufundi: kihisi cha kina, kompyuta ndogo, rilei, na amri moja tu. Maji yakiwa chini ya sentimita 122, washa, yakifika, zima. Lakini maji yakimiminika hupiga mawimbi, na wimbi la sentimita moja latosha. 122, zima. 121, washa. 122, zima. Mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikizunguka, na yangu ilianza usiku kucha. Asubuhi nikakuta kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, imevimba kama mahamri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hilo jini lako lataka nini?"

"Si jini bibi, ni rilei."

"Basi huyo Rilei muulize ataka nini."

Nikatia kapasita mpya, kisha nikaja na ujanja: kompyuta isiamini kipimo mpaka kijirudie mara 30 mfululizo, kimoja kila sekunde 3. Ukafika utulivu. Siku mbili nikatembea kifua mbele.

Ijumaa, saa tano asubuhi, kanzu tatu zi kwenye kamba, nikasikia mtu akiita jina langu kwa sauti ya msiba.

Pampu niliipima kwa ndoo: lita 20 kwa sekunde 40. Kungoja dakika moja na nusu ni lita 45. Tanki lina upana wa mita moja, kwa hiyo kila sentimita ni karibu lita 8, na kutoka 122 hadi bomba la kumwagia, lililoko 125, hapaingii zaidi ya 24. Zilizobaki, kama lita 21, zilipita bombani zikaangukia kanzu, pamoja na kutu yote ya paa. Dawa ya kelele ndiyo iliyofurisha tanki!

Nilizifua mwenyewe. Halafu nikaweka alama mbili: washa kwenye 80, zima kwenye 110. Wimbi la sentimita moja halivuki pengo la 30, na hata kompyuta ikichelewa vile vile, maji hukomea karibu 116. Vipimo 30 nikavipunguza hadi 5. Nikaongeza sharti: pampu ikizima, isiwake tena kabla ya dakika 5, ipoe.

Bibi hakusadiki. Ametundika sufuria chini ya lile bomba. Juzi nilimwaga kikombe cha maji bombani makusudi, nikashika saa. Kutoka "ting" hadi "Zima weye!" zilipita sekunde 4.