Medali iliyochelewa miaka 42

Karibu na mwisho wa The Rise of Skywalker, filamu ya mwaka 2019 iliyofunga simulizi kuu la Star Wars, vita vimekwisha na watu wanakumbatiana msituni, ndipo bibi mfupi anayeitwa Maz Kanata anapomwendea Chewbacca, lile jitu la manyoya, na kumtia kitu mkononi. Ni medali. Tukio hilo ni la sekunde chache, na mtazamaji mgeni anaweza kulipita bila kujua kuwa kuna lililotokea. Lakini aliyekulia na Star Wars anakumbuka kwamba filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, ilimalizika kwa sherehe ya kuwatunuku mashujaa, ambapo Luke Skywalker na Han Solo walivikwa medali zao, na Chewbacca, aliyetoka nao katika vita vilevile, akabaki shingo tupu. Mashabiki walililalamikia jambo hilo, nusu kwa utani na nusu kwa uchungu, hadi Desemba 2019 deni lilipolipwa. Na aliyelilipa, yaani aliyemwigiza Maz, ni Mkenya, Lupita Nyong'o.

Wahakiki wengi waliitaja medali hiyo kama kielelezo cha kasoro ya filamu nzima: kwamba mwongozaji J.J. Abrams aliacha kusimulia hadithi akashughulika na kuwabembeleza mashabiki. Mashabiki wengi, kwa upande wao, walitokwa na machozi. Tangu hapo imezoeleka kumzungumzia huyu aliyelia kana kwamba ni mtoto aliyenyamazishwa kwa peremende, na sioni kama ametendewa haki.

Mashtaka dhidi ya filamu hii si ya kubuni. Kaizari Palpatine, mwovu mkuu wa filamu za zamani, ambaye tulimwona akitupwa shimoni mwaka 1983, anarudi akiwa hai, na maelezo ya jinsi alivyorudi ni haba mno. Ujumbe wake wa kutangaza kurejea, ambao maandishi ya mwanzo wa filamu yanautaja kama jambo linalojulikana, ulisikika ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite siku chache kabla ya filamu kutoka. Aliyekwenda sinema bila kuucheza aliingia katikati ya mazungumzo. Chanzo cha yote hayo kinajulikana. Filamu tatu za mwisho za simulizi hili hazikuandaliwa kwa mpango mmoja: Abrams aliongoza ya 2015, Rian Johnson ya 2017, na Colin Trevorrow, aliyepewa ya mwisho, akaondoka Septemba 2017, ndipo Abrams akaitwa tena. Nyumba ikibadilishiwa fundi mara mbili bila ramani, haishangazi milango ikigongana.

Watetezi wa filamu hupenda kujibu kwa takwimu. Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, ni karibu nusu tu ya wahakiki walioisifu, ilhali watazamaji walioipenda walifikia asilimia 86. Filamu ya Johnson, The Last Jedi, ilipata kinyume chake: wahakiki asilimia 91, watazamaji kiasi cha 42. Hitimisho linakuja lenyewe, kwamba wahakiki na watu wa kawaida hawatazami filamu moja. Mimi nisingeliegemea sana hitimisho hilo. Mwaka 2017 mtu yeyote aliweza kupiga kura yake hata kama hakuiona filamu. Kuanzia Mei 2019 alama inayotangulizwa ni ya waliothibitisha kwamba walinunua tiketi. Tena aliyechukizwa na filamu ya pili huenda hakuinunua tiketi ya tatu, na hasira yake ikabaki nyumbani pamoja naye. Mapato yanaelekea kusema hivyo: zaidi ya dola bilioni 2 kwa filamu ya 2015, bilioni 1.3 kwa ya 2017, na bilioni 1.07 kwa hii.

Ipo hesabu nyingine, nayo imenifikirisha zaidi. Kampuni ya CinemaScore huwauliza watazamaji maoni yao wakiwa ndio kwanza wanatoka ukumbini, siku ya kwanza ya filamu. Siku ya kwanza huenda nani? Huenda yule aliyenunua tiketi miezi miwili kabla, aliyevaa joho kama la Jedi, wale mashujaa wa filamu hizi, aliyekuja na mwanawe. Hao ndio walioipa The Last Jedi alama A, licha ya kelele zote zilizofuata, na hao hao wakaipa The Rise of Skywalker B+. Kwa filamu nyingine B+ si haba. Kwa Star Wars, iliyozoea A kutoka kwa watu hao, ni sawa na mama mkwe kusema chakula "si kibaya". Kwa hiyo shabiki hakudanganyika: aliziona nyufa zilezile alizoziona mhakiki, akaandika B+, kisha akapangusa macho akaelekea kwenye gari lake.

Alichokuwa akikililia kilikuwa kitu kingine. Carrie Fisher, aliyemwigiza Leia, binti mfalme wa hadithi hii, tangu 1977, alifariki dunia tarehe 27 Desemba 2016, kabla filamu hii haijapigwa hata picha moja. Leia tunayemwona humo ameunganishwa kutokana na vipande vilivyobaki katika utengenezaji wa filamu ya 2015, na mazungumzo ya wenzake yakaandikwa kuyazunguka maneno aliyokuwa ameshayasema. Mhakiki atasema, na atakuwa sahihi, kwamba mishono inaonekana: Leia anajibu maswali kwa sentensi zinazokaribia kuwa majibu. Lakini mtu haendi kwenye hitima kuonja pilau. Anakwenda kwa ajili ya marehemu, na pilau likiwa na chumvi nyingi atalijua, atalila, na hatalitaja.

Mwishoni mwa Novemba 2019, hospisi moja kusini mwa Uingereza iliomba hadharani msaada kwa ajili ya mgonjwa ambaye asingeishi hadi siku ya filamu kutoka. Yeye na mwanawe mdogo walikuwa mashabiki wakubwa. Disney, kampuni inayomiliki Star Wars, ikaipeleka filamu hadi chumbani kwake, zikiwa zimesalia takriban wiki tatu kabla haijaonyeshwa popote. Sidhani kama kuna aliyeuliza chumbani humo iwapo ukoo wa Rey, binti ambaye ndiye shujaa wa filamu hizi tatu, umeelezwa kwa mantiki ya kutosha.

Suala la ukoo huo, hata hivyo, halikwepeki. Mwaka 2017 Rey aliambiwa kwamba wazazi wake hawakuwa lolote, na hilo lilifungua mlango: kumbe ushujaa haurithiwi kwa damu. Mwaka 2019 akageuzwa mjukuu wa Palpatine na mlango ukafungwa. Mtetezi atasema kwamba mwishoni Rey anajichagulia jina la Skywalker. Sawa, lakini amelikimbia jina kubwa kwa kuchukua jina kubwa jingine, na binti wa watu wasiojulikana aliyekuwa akitazama amebaki palepale alipokuwa. La kuumiza zaidi ni Rose, mhusika wa Kelly Marie Tran. Mwigizaji huyu alitukanwa mtandaoni hadi akafuta machapisho yake ya Instagram mwaka 2018, kisha mhusika wake, aliyeonekana kwa zaidi ya dakika 10 katika filamu ya pili, akapewa sekunde 76 katika ya tatu. Iwe ni uamuzi au ajali ya uhariri, waliotukana walijihesabu washindi, na hapo sina utetezi wowote.

Limo deni jingine ndani ya filamu hii, dogo. Katika Return of the Jedi ya 1983, rubani msaidizi aliyekaa kando ya rubani Lando, aitwaye Nien Nunb, mwenye mashavu yaliyoning'inia, alizungumza Kigikuyu, kwa sauti ya mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich. Mtazamaji wa Nairobi hakuhitaji kuambiwa lugha hiyo imetoka sayari gani. Katika filamu ya mwisho, chombo anachokiendesha Nien Nunb kinapigwa na radi ya Palpatine na kulipuka, kamera inahamia kwingine, na katika zile kumbatio za msituni, Chewbacca akiwa na medali yake mkononi, hakuna anayemtaja. Katika hakiki nilizosoma sikuona aliyegusia jambo hilo. Niliowaona wakiuliza habari zake ni mashabiki.